Sasa na Zamani katika Upokezi wa Riwaya ya Outlander

1. Utangulizi

Riwaya ya Diana Gabaldon iitwayo Outlander ilitolewa nchini Marekani mwaka 1991. Uingereza ilipewa jina la Cross Stitch, na wasomaji wa Kifaransa wanaufahamu mfululizo mzima kwa jina la Le Chardon et le Tartan. Ni hadithi ya mapenzi, ya vita na ya safari ya kuvuka wakati, na mandhari yake ni Nyanda za Juu za Uskoti, nchi ya koo zilizozungumza Kigaeli, mojawapo ya lugha za Kikelti. Tamthilia ya televisheni iliyotokana nayo ilianza kuonyeshwa mwaka 2014. Tangu hapo wasomaji wameongezeka, na ugomvi wao umeongezeka vilevile.

Wapo wanaokisoma kitabu hiki na kukirudia, na wapo waliokifunga katikati wasikifungue tena. Jambo la kuzingatia ni kwamba makundi haya mawili aghalabu hutaja kurasa zilezile. Anayesifu na anayelaani wote hutaja ndoa mbili za mwanamke mmoja, mashtaka ya uchawi, kipigo cha mkanda na mateso ya gerezani. Ikiwa kurasa ni zilezile na hukumu ni mbalimbali, basi tofauti haimo katika kitabu peke yake. Imo pia mahali anaposimama msomaji.

Makala haya yanachunguza maoni yaliyoenea hadharani kuhusu riwaya hii, na kuyapima kwa macho ya msomaji wa Kiswahili wa Kisangani. Hoja yake ni moja. Wasomaji wa Outlander hawagombanii yaliyotendeka katika hadithi. Wanagombania umbali uliopo kati yao na matendo hayo. Yule ambaye kwake karne ya 18 iko mbali husoma mapenzi. Yule ambaye kwake mambo ya karne hiyo hayajapita husoma kitu kingine, ingawa maneno aliyo nayo mbele yake ni yaleyale.

2. Muhtasari wa kisa

Mwaka 1945, vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha, Claire Randall, aliyekuwa muuguzi katika vita hivyo, anasafiri pamoja na mumewe Frank hadi Inverness. Wametengana kwa miaka mingi na wanataka kuianza ndoa yao upya. Frank ni mwanahistoria, naye anatafuta habari za babu yake wa kale, Jonathan Randall, kapteni wa jeshi la Kiingereza. Claire anakwenda peke yake kwenye duara la mawe ya kale, mahali panapoitwa Craigh na Dun, anagusa jiwe lililopasuka, na anajikuta katika mwaka 1743.

Mtu wa kwanza kumkabili huko ni babu yuleyule, ambaye sura yake ni ya Frank na moyo wake ni wa mnyama. Claire anaokolewa na watu wa ukoo wa MacKenzie, wanaomshuku kuwa jasusi, huku wakiuhitaji uganga wake. Ili asikamatwe na Waingereza anaozwa kijana Jamie Fraser. Ndoa ya hila inageuka kuwa ndoa ya mapenzi. Baadaye Claire anashtakiwa kwa uchawi, anaokolewa, anapewa nafasi ya kurudi kwa Frank, na anachagua kubaki. Mwishoni Jamie anaangukia mikononi mwa kapteni Randall gerezani Wentworth, anateswa na kunajisiwa, na Claire anamponya katika nyumba ya watawa nchini Ufaransa.

Msimulizi ni Claire mwenyewe, katika nafsi ya kwanza. Jambo hili la fani litarejewa mara kadhaa, kwa maana msomaji hana macho mengine katika karne ya 18 isipokuwa macho ya mwanamke wa karne ya 20.

3. Upeo wa matarajio na swali la utanzu

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alieleza kwamba kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu alivyosoma kabla. Kitabu kikikubaliana na upeo huo hupokelewa kwa urahisi; kikiuvunja, msomaji ama hupanua upeo wake ama hukikataa kitabu.

Outlander ilipata tuzo ya chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, na wauzaji wengi waliiweka katika rafu ya riwaya hizo. Mwandishi hakupendezwa na uainishaji huo, na amesema mara nyingi kwamba kazi yake haikai katika utanzu mmoja. Lakini rafu ilikwisha kutoa ahadi. Msomaji wa riwaya ya mapenzi hutarajia wapenzi wawili, kikwazo kimoja kikubwa, na mwisho wa furaha. Hutarajia pia, kwa desturi ya utanzu wenyewe, bibi asiyejua mambo na bwana anayeyajua.

Gabaldon alivunja mambo hayo karibu yote. Bibi ndiye mwenye umri mkubwa zaidi na ndiye aliyekwisha kuolewa. Bwana ndiye asiyejua mwanamke. Kikwazo kikubwa ni mume wa kwanza, ambaye hana kosa lolote isipokuwa kwamba hajazaliwa. Hapa ndipo malalamiko ya kwanza ya wasomaji yanapotokea: je, Claire ni mzinzi? Wapo wanaosema ndiyo, kwa kuwa pete ya Frank ingali kidoleni mwake. Wapo wanaosema hapana, kwa kuwa mtu hawezi kumsaliti asiyekuwapo duniani.

Swali hili si la mzaha. Katika Kisangani, kama katika miji mingine ya mashariki mwa Kongo, vita viliwaacha wanawake ambao waume zao walitoweka pasipo habari ya uhai wala ya kifo. Mwanamke wa namna hiyo si mjane, na pia si mke mwenye mume. Msomaji anayefahamu hali hiyo hatamwona Claire kuwa mwanamke mwenye bahati ya kupendwa na wanaume wawili. Atamwona kuwa mwanamke ambaye hakuna sheria iliyomwandalia jina. Upeo wake wa matarajio haukujengwa na vitabu tu. Umejengwa pia na mtaa wake.

Ili kuieleza tofauti hii, dhana za Jauss hazitoshi. Inafaa ziongezewe dhana mbili ambazo John Mbiti alizitoa katika Kiswahili chenyewe, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969: Sasa na Zamani. Kwa Mbiti, Sasa si dakika hii peke yake. Ni eneo la wakati ambamo watu wanaishi pamoja na wafu wao, maadamu wafu hao wanakumbukwa kwa majina na wale waliowajua. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua marehemu, marehemu huyo hutoka katika Sasa na kuzama katika Zamani. Mbiti alipingwa vikali na wanafalsafa wa Kiafrika, hasa kwa kudai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Ukosoaji huo una haki yake. Hata hivyo, mgawanyo wa Sasa na Zamani unaweza kutumiwa bila kukubali dai hilo, na kwa upokezi wa riwaya ya kihistoria una manufaa makubwa.

4. Rangi ya Kikelti: mawe na lugha

Malalamiko ya pili ya wasomaji yahusu ukweli wa mandhari. Gabaldon alianza kuiandika riwaya hii kabla hajafika Uskoti, akitegemea maktaba. Wasomaji wengine humsifu kwa wingi wa mambo aliyoyakusanya: mavazi, mitishamba, chakula, desturi za ukoo. Wengine, hasa Waskoti wenyewe, huona kwamba nchi yao imepakwa rangi ya hadithi.

Mawe ya Craigh na Dun ni mfano mzuri. Mahali hapo ni pa kubuni, lakini maduara ya mawe yapo kweli. Yale ya Clava, karibu na uwanja wa vita wa Culloden, yalisimamishwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya jamii ambazo historia inaziita za Kikelti. Riwaya inayaunganisha na ngoma ya wanawake alfajiri ya sikukuu ya Beltane, kana kwamba mawe na desturi ni vya watu wamoja. Msomaji wa historia ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, kila jamii hurithi vitu ambavyo haikuvitengeneza na kuvipa maana yake yenyewe. Kosa la riwaya si kuwapa Wagaeli mawe. Kosa ni kufanya ionekane kwamba wao wenyewe hawajui yametoka wapi na hawaulizi.

Upande wa lugha una uzito zaidi kwa wasomaji wa jarida la Kiswahili. Claire hajui Kigaeli. Kwa kuwa yeye ndiye msimulizi, Kigaeli huingia kitabuni kama sauti isiyofasiriwa: watu wanacheka, wanakasirika, wanakula njama, na msimulizi anabaki kutazama nyuso. Wasomaji wengi hulalamika kwamba maneno hayo yanawakwamisha. Lakini kukwama huko ndiko kunakotakiwa na fani. Yeyote aliyefika katika soko la Kisangani akijua Kiswahili tu, au akijua Kilingala tu, ameonja hali hiyo: anajua anazungumzwa, na hajui anasemwa nini.

Neno moja la Kigaeli limependwa na wasomaji kuliko mengine yote, nalo ni jina ambalo Jamie humwita mkewe: Sassenach. Asili yake ni jina la Wasaksoni, na maana yake ni Mwingereza, mtu asiye wa kwetu. Mwanzoni ni tusi au angalau onyo. Kadiri kisa kinavyoendelea, katika kinywa cha mtu mmoja tu, linakuwa jina la mapenzi. Isimu ina jina la badiliko hili, yaani kupanda kwa maana. Lakini hapa neno halikupanda katika jamii, limepanda katika nyumba moja. Nje ya nyumba hiyo lingali onyo.

Kiswahili kina historia yake ya maneno ya namna hii. Watu wa misafara waliofika kwenye maporomoko ya mto katika karne ya 19, ambao mkubwa wao Tippu Tip alifanywa liwali wa eneo hilo mwaka 1887, walijiita waungwana na wakawaita wenyeji washenzi. Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana kutokana na neno la kwanza. Neno la pili halikugeuka kuwa jina la mapenzi mahali popote. Mfasiri atakayeiandika riwaya hii kwa Kiswahili atakutana na tatizo hilo katika kurasa za mwanzo: neno lipi la Kiswahili la kumbagua mgeni linaweza kusemwa kitandani bila kuumiza? Neno mzungu linaweza kufaa, kwa kuwa watu hulitania. Lakini mzungu ni mgeni mwenye nguvu, na Claire, ingawa anatoka katika taifa lenye nguvu, yuko peke yake na hana kitu. Swali hilo linafaa kujadiliwa na wanafunzi wa tafsiri.

5. Mashtaka ya uchawi

Malalamiko ya tatu ni ya tarehe. Claire na rafikiye Geillis Duncan wanashtakiwa kwa uchawi katika kijiji cha Cranesmuir mwaka 1743. Wasomaji wanaoijua sheria wanakumbusha kwamba uchawi uliacha kuwa kosa la jinai katika Uingereza na Uskoti mwaka 1736. Mwanamke wa mwisho kuuawa kisheria kwa kosa hilo huko Uskoti, anayejulikana kwa jina la Janet Horne, alichomwa moto huko Dornoch mwaka 1727. Kwa hiyo, wanasema, tukio hili haliwezekani.

Hoja hiyo ni sahihi kuhusu sheria, lakini inakosea kuhusu watu. Nchini Kongo, sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Watoto hawakuacha kufukuzwa majumbani kwa sababu sheria ilitiwa saini. Msomaji wa Kisangani hahitaji kuambiwa kwamba umati unaweza kuendelea kutumia sheria iliyokwisha kufutwa. Anaona pia jambo ambalo msomaji wa tarehe hulipita: Claire hashtakiwi kwa sababu ya imani za watu tu. Anashtakiwa kwa kuwa ni mganga, ni mgeni, na hana mjomba wala shangazi wa kusimama mbele ya watu na kusema, huyu ni wetu. Mashtaka ya uchawi humwendea asiye na ukoo. Katika hili riwaya iko sahihi kijamii mahali ilipokosea kisheria.

Katika tukio hilohilo mwandishi ametumia alama moja kwa ustadi. Claire anaona kwenye mkono wa Geillis kovu la chanjo ya ndui, na kwa kovu hilo anatambua kwamba mwenziwe naye ametoka wakati mwingine. Mwili umekuwa cheti. Katika Kongo vilevile kovu la chanjo hiyo hugawa vizazi, kwa kuwa ugonjwa ulipotokomezwa duniani, chanjo ilisimamishwa, na waliozaliwa baadaye hawana alama. Wasomaji wachache huitaja sehemu hii, nayo ni miongoni mwa zilizoandikwa vizuri kuliko zote.

6. Mkanda na gereza

Hakuna ukurasa uliozua ugomvi kama ule wa mkanda. Claire, akitaka kurudi kwenye mawe, anavunja amri ya kukaa mahali alipoachwa, anakamatwa na Waingereza, na wanaume wanahatarisha maisha yao ili kumtoa. Usiku Jamie anampiga kwa mkanda, akieleza kwamba wenzake wanadai haki hiyo na kwamba kosa lake lingaliweza kuwaua. Baadaye anaapa juu ya jambia lake kwamba hatamwinulia mkono tena.

Maoni ya wasomaji yako katika makundi matatu. La kwanza linasema: ndivyo ilivyokuwa zamani, na mwandishi asingalikuwa mkweli kama angaliandika vingine. La pili linasema: mwandishi ndiye aliyechagua kumfanya mpigaji kuwa shujaa wa mapenzi, na historia haikumlazimisha. La tatu linasema: kiapo ndicho jibu, kwa sababu mwanamume wa karne ya 18 amejifunza kutoka kwa mke wa karne ya 20.

Kundi la kwanza linahitaji kujibiwa kwa uangalifu, maana kauli yake inasikika pia nje ya vitabu. Kusema "ndivyo ilivyokuwa zamani" ni kudhani kwamba zamani hiyo imefungwa. Katika Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe ili aweze kufanya matendo ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Mwanafunzi wa kike anayesoma leo alizaliwa chini ya sheria ile. Kwake mkanda wa Jamie si kitu cha makumbusho. Kwa maneno ya Mbiti, umo katika Sasa.

Kundi la pili lina hoja yenye nguvu zaidi, na matini yenyewe yanaiunga mkono. Udhaifu wa sehemu hii haumo katika tendo, umo katika toni. Msimulizi, ambaye ni macho yetu ya karne ya 20, anayasimulia matokeo ya kipigo kwa namna ya kuchekesha, na wanaume wanamtania kwa kushindwa kukaa juu ya farasi. Hapo mwandishi amemnyang'anya Claire kile alichompa mwanzoni, yaani hukumu ya wakati wake. Kiapo kinachofuata ni kizuri, lakini kinatolewa na Jamie kwa ukarimu wake. Kundi la tatu linasahau kwamba haki inayopatikana kwa ukarimu wa mtu mmoja haiwasaidii wake wengine wa ukoo ule.

Kuhusu gereza la Wentworth, wasomaji wengi wamesema kwamba mateso ya Jamie yameelezwa kupita kiasi. Wengine wamesema kinyume: kwamba riwaya ya mapenzi iliyothubutu kumwonyesha shujaa wa kiume akinajisiwa, kisha ikampa sura nzima za aibu, homa na kukataa kuishi, imefanya jambo ambalo utanzu huo ulilikwepa. Hukumu ya makala haya inaelekea upande wa pili. Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 kuhusu ukatili wa kingono ilikiri kwamba mwanamume naye anaweza kuwa mhanga wa ubakaji. Kukiri huko kulitokana na vita. Lakini lugha ya kulieleza jambo hilo hadharani bado ni haba, katika Kiswahili kama katika Kilingala. Riwaya inayompa mwanamume maneno ya kusema "nimevunjwa" inastahili heshima, hata kama maneno hayo ni mengi mno.

7. Culloden na Kisangani

Claire ana elimu ambayo wenzake wa mwaka 1743 hawana. Anajua kwamba tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanja wa Culloden, jeshi la koo litavunjwa kwa muda usiozidi saa moja, na kwamba baada ya hapo mavazi ya Nyanda za Juu yatapigwa marufuku hadi mwaka 1782. Riwaya ya kwanza inaisha kabla ya vita hivyo. Ya pili, Dragonfly in Amber ya mwaka 1992, inasimulia jinsi yeye na Jamie wanavyojaribu kuvizuia na kushindwa.

Kwa msomaji wa mbali, elimu hii huongeza utamu wa hadithi: wapenzi wanapendana chini ya wingu wanalolijua wao peke yao. Wasomaji wengi huusifu utamu huo. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba ilihitajika miaka mingi ili Culloden iwe tamu. Walter Scott alipoitoa riwaya yake Waverley mwaka 1814, kuhusu uasi uleule, alikipa kitabu jina dogo linalosema kwamba imepita miaka sitini. Hesabu hiyo haikuwa ya bahati. Miaka sitini ni muda ambao mashahidi wanakaribia kwisha. Wafu wa Culloden walikuwa wanatoka katika Sasa na kuingia Zamani, na mlangoni walikutana na mwandishi wa riwaya. Mwaka 1822 mfalme wa Uingereza alizuru Edinburgh akiwa amevaa mavazi yaleyale yaliyokuwa yamepigwa marufuku. Gabaldon ni mrithi wa mapokeo hayo.

Msomaji wa Kisangani hayuko katika hesabu hiyo. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa mizinga mikubwa, na mamia ya raia waliuawa katika vita visivyokuwa vyao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu juu ya wajibu wa Uganda mwaka 2005, na tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru nchi hiyo ilipe Kongo dola milioni 325, ambamo madhara ya Kisangani yalihesabiwa. Wafu wa siku hizo sita wangali wanatajwa kwa majina na mama zao. Kwa msomaji wa namna hiyo swali la Claire halina utamu. Mtu aliyesimama Kisangani mwezi wa Mei mwaka 2000 akijua yatakayotokea Juni, angefanya nini? Angemwambia nani, na kwa lugha gani, na nani angemsadiki mgeni asiye na ukoo?

Katika hadithi ya Watu wa Pangoni, inayojulikana kwa wasomaji wa Kurani, vijana wanalala miaka mia tatu na tisa na kuamkia mji ambao fedha zao hazitumiki tena. Katika hadithi ya Kikelti ya Oisín, shujaa anakaa miaka mia tatu katika nchi ya ujana, na anapogusa ardhi ya nyumbani uzee wote unamshukia kwa mara moja. Hadithi hizi mbili zinamsukuma msafiri mbele, na zinamtoza gharama. Gabaldon amemrudisha nyuma, na gharama anayotozwa Claire ni kujua. Riwaya ya Kiswahili ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, imechagua njia ya tatu: aliye hai haendi kwa wafu, bali mfu ndiye anayemjia aliye hai na kumwonyesha nchi ilivyoharibika. Kwa Mbiti, njia hiyo ya tatu ni ya watu ambao wafu wao wamo bado katika Sasa. Huenda ndiyo sababu msomaji wa Kiswahili humwelewa babu huyo haraka kuliko anavyoyaelewa mawe ya Craigh na Dun.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba maoni ya wasomaji kuhusu Outlander hayagawanyiki kati ya wajuzi na wasio wajuzi, wala kati ya wapenda mapenzi na wapenda historia. Yanagawanyika kwa umbali. Aliye mbali na mkanda huuita desturi. Aliye karibu huuita kipigo. Aliye mbali na mashtaka ya uchawi husahihisha tarehe. Aliye karibu huwahesabu wasio na ndugu. Aliye mbali na Culloden huona mapenzi chini ya wingu. Aliye karibu huuliza ni nani angeonywa.

Hii haina maana kwamba kila maoni ni sawa na mengine. Toni ya sehemu ya mkanda ni dosari, kwa msomaji wa mbali na wa karibu pia. Sehemu ya kovu la chanjo ni sanaa njema kwa wote wawili. Uhakiki una kazi ya kutenganisha yale yanayotoka kitabuni na yale yanayotoka mahali pa msomaji, kisha kuyaheshimu yote mawili.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa fasihi wazisome Outlander na Babu Alipofufuka kwa pamoja, na kwamba maoni yao yaandikwe kwa Kiswahili na kuhifadhiwa. Miaka sitini ya Walter Scott, ikihesabiwa tangu Juni 2000, itatimia mwaka 2060. Wakati huo atatokea mtu atakayetaka kuandika riwaya ya mapenzi juu ya siku zile sita, naye atakuwa na haki ya kuiandika. Itafaa akute mahali pameandikwa jinsi watu wa mji huu walivyosoma habari za vita vya wengine, walipokuwa bado wanayajua majina ya wafu wao.